Nilivyoihamisha Darubini Kutoka Tabora Hadi Kampala

Shule moja ya sekondari ya Kampala ilikuwa inatafuta mwalimu wa fizikia anayeweza pia kufundisha Kiswahili, nami masomo yote mawili nimeyafundisha kwa miaka mingi. Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Nguo zangu ziliingia kwenye begi moja, vitabu nikavigawa, vyombo nikamwachia dada yangu. Kilichoninyima raha ni darubini.

Tuliitengeneza mimi na Baba, fundi mstaafu wa karakana ya reli hapa Tabora. Kioo chake kikuu, kipana kama sahani ya wali, tulikisugua kwa mikono miezi saba, kwa unga wa msasa na maji, zamu yake na zamu yangu, mpaka kikabonyea katikati kwa kiasi ambacho huwezi kukitambua kwa kutazama. Mwaka uliofuata presha ya macho ikamshika Baba. Sasa anaona mwanga na vivuli tu. Kioo kile kikivunjika, hatuna kingine.

Nilipomwambia nataka kukiacha nyumbani, alikataa. "Kichukue. Hapa kitatazamiwa na nani?"

Siku mbili kabla ya safari tuliifungua darubini sebuleni. Baba alizitafuta skrubu kwa ncha za vidole, na hakuna hata moja iliyompotea. Kitako cha mbao, kinachobeba bomba na kuligeuza, kilikuwa kizito mno, tukaamua kibaki. Bomba la bati, refu kama mtoto wa darasa la pili, tulilizungushia sponji ya godoro tukalitia kwenye boksi, lisafiri na mizigo mikubwa. Kioo Baba alikifunga kwa fulana zake mbili, akakilaza ndani ya sufuria yenye mfuniko, akaikaza kwa mpira wa baiskeli. "Hii unaipakata," alisema. "Hata ukisinzia, isinzie nawe."

Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam, saa mbili asubuhi. Treni ilikuwa imenifikisha jana yake. Boksi la bomba lilipokelewa bila maswali, likabandikwa karatasi ya "kivunjikacho," likaondoka kwenye mkanda. Sufuria ndiyo iliyosimamisha foleni. Dada wa ukaguzi aliitazama kwenye skrini, akairudisha, akaipitisha tena.

"Mama, humu kuna nini? Naona duara moja zito."

"Kioo cha darubini. Nakuomba usikiguse usoni, alama ya kidole haifutiki kirahisi."

Nilitegemea ubishi. Yeye alivua glavu alizovaa, akachukua mpya, akauliza, "Nikishike wapi?" Nikamwonyesha ukingo. Alikifunua kama anayefunua mtoto aliyelala, akainama, na uso wake ukajaa kioo kizima, mkubwa mara mbili. Akatabasamu, na tabasamu nalo likawa kubwa mara mbili. Alimwita mwenzake aje aone, kisha akakifunga upya, fulana ya kwanza, fulana ya pili, mpira wa baiskeli. Nimeshaona wauguzi wasiofunga kidonda kwa uangalifu ule.

Entebbe, mchana. Angani nilikuwa nimekaa na sufuria mapajani, na abiria wa jirani, baada ya kuvumilia sana, akaniuliza kama ni pilau. Lakini furaha yangu iliishia kwenye mkanda wa mizigo. Boksi lilitokea limelala ubavu, kona moja imekandamizwa. Nikalifungua palepale sakafuni. Bomba lilikuwa na bonyeo katikati, pana kama kiganja changu. Nikachungulia ndani: bati lilikuwa limeingia mpaka linaziba njia ya mwanga. Nilikaa juu ya begi langu, nikashindwa hata kutafuta toroli.

Ofisa wa forodha alinikuta hivyo. "Nyabo, pole," alisema, akiniita 'mama' kwa Kiganda. "Hii ni ya kuangaria nini?"

"Mwezi. Na nyota."

Alilizunguka bomba polepole, akapapasa lile bonyeo. "Hii si ya kutupa," alisema. "Kampala iko na mafundi. Wewe enda tu." Akanibebea boksi mwenyewe mpaka nje.

Old Kampala, jioni ileile. Shule ilikuwa imenitafutia chumba kwa Hajati Zaituni, mjane wa Kinubi ambaye babu yake alikuja na jeshi la Waingereza kutoka Sudan. Nyumba yake iko kwenye mteremko chini ya msikiti mkubwa, na adhana ilikuwa inamalizika nilipobisha. Akaiangalia sufuria niliyoikumbatia.

"Mwalimu, umebeba chakula toka kwenu? Hapa chakula iko."

Nilipomfungulia, alicheka mpaka akajifuta macho kwa mtandio. Kisha nikamwonyesha bomba, akaacha kucheka. "Milango yangu yote alitengeneza Mkongomani mmoja wa Kamwokya," alisema. "Jumamosi nakupeleka. Yule mutu hasemi 'haiwezekani' kabla hajalala na kazi usiku moja."

Kamwokya, Jumamosi. Tulikodi gari ya spesho, kama Kampala wanavyoiita teksi, bomba likilala kuanzia kiti cha mbele mpaka kioo cha nyuma. Karakana ya Fundi Bahati imebanwa kati ya duka la spika na mwanamke anayekaanga chapati za mayai. Bahati ni mtu wa Bukavu, mrefu, mwenye penseli sikioni, na hakuwahi kuona darubini maishani mwake. Aliniacha nieleze yote: bomba likae wapi, linyanyuke vipi, ligeuke vipi.

"Kwa hiyo mama, iyi kintu inapaswa kutembea kama mulango muzuri," alisema. "Ukisukuma inaenda. Ukiacha inasimama. Haianguke, haigome."

Sijawahi kuielezea kwa usahihi kiasi kile darasani.

Bonyeo alilishughulikia kwanza. Alichonga gogo la mviringo lenye upana wa bomba, akalipaka sabuni, akaliingiza polepole kwa kupigapiga, huku sikio lake likiwa limegusa bati. Baada ya saa nzima bati lilikuwa limerudi, limebaki na kovu tu. Lakini kwenye kitako kipya alikwama. Mbao juu ya mbao ilikuwa inagoma, halafu inaruka ghafla. Akapaka nta, ikawa inateleza yenyewe.

"Niache nilale nayo," alisema.

Jumamosi iliyofuata nilikuta amekata vipande vya plastiki kutoka kwenye jerikeni kuukuu la maji, amevipigilia pale mbao zinapokutana. Nikasukuma kwa kidole kimoja. Kikaenda. Nikaacha. Kikasimama. Nilimwangalia, naye akajifanya anatafuta penseli yake.

Saa kumi na moja jioni, mwezi wa nusu ulikuwa tayari juu ya mabati, mweupe kama chaki kwenye anga la bluu. Niliweka kioo, nikakaza skrubu tatu za nyuma moja baada ya nyingine. Kama bomba halikunyooka sawasawa, nisingeona chochote ila ukungu. Nikachungulia. Milima ilikuwa pale, na kivuli cha kila mlima kikiwa kikali kama kilichokatwa kwa wembe.

Nikampisha Bahati. Alikaa pale muda mrefu, jicho moja amelifumba kwa kiganja.

"Iko na makovu," alisema mwishoni. "Tangu mutoto mi naiona, na sikuyua kama iko na makovu."

Hajati akafuata, akasema "Subhanallah" kwa sauti ya chini, akarudia. Mama wa chapati alishusha kikaango na kujipanga, wakafuata watu wa duka la spika waliokuwa wamezima muziki wao wenyewe bila kuombwa. Kwa dakika chache Kamwokya ilikuwa kimya kuliko nilivyowahi kuisikia.

Tabora, likizo ya Desemba. Nilirudi na begi tu. Baba aliniuliza habari za kitako kabla ya kuniuliza habari za kazi, nami nikampigia Bahati, nikampa simu. Waliongea kwa Kiswahili cha Tabora na cha Bukavu kuhusu jerikeni, unene wa mbao, na gogo la sabuni, mara kwa mara kila mmoja akimwomba mwenzake arudie neno. Nilipika chai, ikapoa. Baba alikata simu, akanirudishia.

"Huyo hakuwahi kuona darubini?"

"Hakuwahi."

"Basi ni fundi," alisema, na sijawahi kumsikia akilitumia neno hilo kwa mtu asiyefanya naye kazi.

Anayetaka kuhama na darubini kwa ndege, ushauri wangu ni huu: kioo kipakate, bomba lifunge vizuri kuliko nilivyolifunga mimi, na kwa mbao usihangaike. Huko unakokwenda yuko mtu anayejua mbao kuliko wewe, na pengine amechoka kutengeneza milango.