Bi Kucha Niliyemtunga Mbaya Mtupu

Nimekosa mimi. Sikutumwa na mtu, wala shetani simsingizii. Jina langu silitaji kwa kuwa nina wajukuu wanaopita ndiani. Wewe ujuaye kusoma, wasomee na wenzako wasiojua.

Elimu yangu ni ya chuo cha Kurani tu, herufi na juzuu mbili tatu. Lakini kutunga hadithi, najua! Nikiandika, wanawake wa Amu wananakili, na nakala zavuka hata Pate.

Jirani yangu alikuwa Bi Zena, mke wa Bwana Shee. Bwana Shee alimwoa akiwa mgane mwenye binti mmoja mdogo, Mishi. Zena alikuwa na ulimi wa pilipili na vidole vyepesi kufinya. Hilo kweli. Na hili pia kweli: Mishi aliposhikwa na surua, ni Zena aliyemtafunia tende akamtia kinywani, akalala sakafuni ili mtoto apate kitanda. Niliona kwa mato yangu.

Siku moja arusini nilipika mimi. Zena akatema tonge mbele za watu.

"Bi, wali wako una mtanga. Meno yangu si mawe ya kusagia!"

Wanawake wakacheka hata wakashikana mabega. Nami nikacheka. Nikarudi nyumbani nikashika kalamu.

Nikamtunga Bi Kucha, mama wa kambo. Kufinya nikatia. Ulimi nikatia. Tende sikutia! Nilizikumbuka, wallahi, kalamu ikasimama. Nikasema moyoni, nikitia wema watamhurumia, hadithi itapoa. Mahali pa tende nikaweka sumu: Bi Kucha amlisha mtoto tonge la sumu kwa mkono wake, huku akimchekea.

Ilipendwa, ole wangu! Niliisoma uani kwangu, wanawake wakisuka ukili wa mikeka.

"Huyu namjua!" akasema mmoja. "Hata kucheka ni kule kule!"

"Nyamaza wewe, asije akakulisha!"

Mishi alikuwa amekaa katikati yao. Nilimuona. Nikaendelea kusoma.

Tangu siku ile, Zena akimpa tonge, mtoto hukaza meno. "Sili. Una sumu." Zena akamfinya, ndivyo alivyo, na kila akifinya hadithi yangu ikawa kweli zaidi. Majirani wakamjaza Bwana Shee maneno. Akamwacha. Zena alitoka na kisanduku kichwani, watoto nyuma yake: "Kucha! Kucha!" Mimi nilikuwa dirishani. Nilifurahi. Mola anisamehe.

Zena akenda zake kwa nduguye, mtaa wa Wiyoni, na eda yake ilipokwisha Bwana Shee akaja kumposa mwanangu, Mwana Esha.

"Ana moyo laini, Bi. Mishi atampenda."

Nikapiga vigelegele mwenyewe!

Arusi haijapoa, Mwana Esha akamega tonge akampa Mishi. Mtoto akarudi nyuma hata ukutani. "Mama wa kambo wana sumu. Bi amesoma."

Bi ni mimi.

Mwanangu hakumfinya hata mara moja. Alibembeleza, alionja yeye kwanza, alimchekea. Mtoto akasema, "Bi Kucha naye alicheka." Upole wake ukawa ndio ushahidi!

Nikamwendea Zena, nikamwomba aje aseme na mtoto.

"Zile tende uliziona?" akaniuliza.

"Niliziona."

"Basi kaseme wewe. Mtunzi ni wewe." Akafunga mlango.

Nikaandika upya, nikatia wema wote. Nikamsomea Mishi. Alisikiliza mpaka mwisho akatikisa kichwa. "Hii ya uongo, Bi. Ile ndiyo ya kweli."

Akawa akila kwa majirani, nyumba hii na nyumba ile, kama paka. Kisha akapata ndui. Majirani, wale wale waliomhurumia, wakafunga milango. Bwana Shee akiwa safarini, nyumbani ukabaki mkono mmoja, wa Mwana Esha. Alimpelekea maji, uji, dawa. Mtoto akakaza meno. Tulijaribu kumfumbua kinywa kwa kijiko, akatung'ata. Alikufa hivyo hivyo, kinywa kimekazana, na mwosha maiti aliona.

Mwanangu ameachwa. Yuko chumba cha ndani kwangu, hasemi nami, na akitoka watoto humwita lile jina nililolitunga mimi. Nimlaumu nani?

Wewe utungaye, usishike kalamu ungali na hasira na mtu. Mbaya wako mpe na wema wake wote uliouona, hata mkono ukikataa, hata hadithi ikipoa. Na ukiikuta nakala ya Bi Kucha nyumbani kwako, ichome! Nimezunguka nikizikusanya, siwezi kuzimaliza. Jana nimeisikia ikisomwa nyumba ya pili. Watoto waliomba irudiwe.