Amplifaya ya Mjomba

Mjomba aliileta amplifaya yake kutoka kwake Mautuma, imefungwa blanketi nyuma ya pikapu iliyobeba mahindi. Nami nilikuwa ndiyo nimetoka kiwandani, ambako natengeneza mota za mitambo ya sukari, na miguu ilikuwa imevimba ndani ya buti. Nilipomkuta ameketi kibarazani kwetu Amalemba, mkono juu ya ile mashine, nilijua jioni zangu zimekwisha.

Yeye ni ndugu wa marehemu mama yangu. Ujana wake wote alipiga gitaa katika bendi ya harusi, na wenzake walipokufa mmoja mmoja, alibaki na gitaa na hiyo amplifaya ya zamani, ya zile zenye vali za kioo zinazowaka kama makaa. Alisema inanguruma, na sauti yake imefifia kana kwamba mtu ameifunika kwa mto wa kulalia.

"Zamani ilikuwa inalianga kama kengele," aliniambia. "Wewe tu ndiye utaiweza, mpwa wangu."

Nikaitandaza juu ya meza ya kulia chakula. Mume wangu hakuwa tena na pa kulia. Alianza kula ugali wake akiwa amepakata sahani. Kila nikitoka kazini nilioga, nikavaa miwani, nikafungua tena yale matumbo yenye vumbi. Siku moja, kwa uchovu, niligusa kapasita kabla ya kuimaliza umeme iliouhifadhi. Ilinirusha hadi ukutani. Nilikaa sakafuni, nikatamani kulia, lakini hata kulia kulihitaji nguvu.

Kapasita zilikuwa zimekauka. Niliagiza nyingine Nairobi, nikazichomelea, na kunguruma kukaisha. Nikamwita Mjomba. Alipiga kidogo, akatikisa kichwa. Kunguruma hakupo, alisema, lakini mto bado uko.

Nikarudi mezani. Nilisafisha vitufe, nikabadilisha vali, kisha nikabadilisha spika yenyewe, kwa kuwa panya walikuwa wameitafuna pembeni. Kufikia hapo nilikuwa nikiichukia ile mashine. Nilimwita tena, akaketi, akafungulia sauti, akaanza wimbo wa harusi wa zamani. Akasimama katikati. "Bado," alisema, na kuongeza sauti.

Mume wangu alitoka jikoni akiwa ameziba masikio. Aliniomba nimwambie Mjomba apunguze, kwa maana zile nyuzi nyembamba za gitaa zilikuwa zinamchoma hadi kwenye meno.

Hapo nikaacha kuitazama mashine, nikamtazama mzee. Nilimsubiri amalize, nikasimama nyuma yake, nikamwita kwa sauti ya kawaida. Hakugeuka. Nikamwita tena. Alikuwa akikaza uzi, ametulia kabisa.

Nilizunguka nikapiga magoti mbele yake. "Mjomba, mashine imepona," nilisema nikiinua sauti. "Nafikiri ni masikio yako."

Aliitazama spika. "Ndiyo maana mke wangu anashindanga akinipigia kelele," alisema.

Kisha akauliza, "Kwa hivyo zile noti za juu ziko?"

"Ziko."

"Zote?"

"Zote, Mjomba."

Aliitikia kwa kichwa, akaanza ule wimbo upya. Mume wangu alirudi jikoni akafunga mlango. Mimi nilibaki palepale sakafuni, kwa sababu nilikuwa nimechoka mno kuinuka, nikasikiliza hadi mwisho. Alikosea mahali, na nikaona hakujua.

Nilimpeleka hospitali, tukapanga foleni, akapewa kifaa cha masikio. Anakivaa Jumapili kanisani tu, eti siku nyingine kinamletea kelele za kuku. Mke wake hunipigia simu kulalamika kwamba gitaa linatikisa mabati, na kuniuliza kama siwezi kuja nifungue ile amplifaya, niipunguze nguvu kwa ndani. Namwambia nitakuja nikipata likizo.