Aliyekaa Kiti cha Nyuma cha Gari la Fime

Gari lenyewe liko hapa uani kwangu, kijijini Kibabi. Ukiona nadanganya, njoo upapase vioo, kisha ukae kiti cha nyuma upande wa kushoto, nami nikutazame usoni. Wengi wamekataa kukaa. Sikuwa nimelewa, sikuwa naota, na ulikuwa mchana, watu wakitoka shambani na majembe yao.

Nianze na binti yangu Furaha, maana bila yeye nisingegusa vioo vile. Alikuwa na mimba ya kwanza, imefika mwisho, na muuguzi wa kituo chetu cha afya alimpapasa tumbo mara mbili. Kisha akaniita pembeni.

"Mama, mutoto amelala kwa upande. Hapa hatuwezi kumupasua. Kesho asubui umufikishe ku hopitali, usingoje uchungu ianze."

Nilielewa. Uchungu ukimkuta hapa, au tumekwama njiani, ningewapoteza wote wawili.

Gari ninalo. Aliniachia shemeji yangu Safari, mdogo wa marehemu mume wangu, alipohamia Goma, nami hulitumia kupeleka maharage sokoni. Lakini lilikuwa na fime, ile karatasi nyeusi inayobandikwa ndani ya vioo ili waliomo wasionekane. Siku zile barabara yetu ilikuwa na kizuizi cha askari kilichochukia fime kuliko kitu chochote. Gari lenye vioo vyeusi linasimamishwa, abiria wote wanashushwa, mizigo inamwagwa chini, na unaweza kushinda hapo mpaka jioni. Na binti yangu ashinde hapo na tumbo lake? Hata kidogo! Nilisema fime itatoka leo, hata nikiing'oa kwa meno.

Kazi yenyewe si ngumu, inataka ubishi tu, na ubishi ninao. Nilichemsha maji kwenye babula, jiko letu la makaa, nikayatia sabuni, nikachovya kitambaa na kukibandika juu ya fime. Juu yake nikaweka mfuko wa plastiki ili joto lisitoroke. Unangoja kidogo, unainua pembe kwa wembe, kisha unavuta polepole. Ukivuta kwa hasira inachanika vipande vipande na gundi inabaki. Ila kioo kikubwa cha nyuma usikiguse na wembe. Kina zile nyuzi nyembamba za kukausha ukungu, na huku kwetu milimani ukizikata utaendesha kama kipofu.

Vioo vya mbele vilitoka vizuri. Nikaingia nyuma, nikapiga goti kwenye kiti, nikaanza mlango wa kulia. Fime ilikuwa imetoka nusu. Kwenye nusu iliyo safi nilimwona Furaha uani, amekaa kwenye mkeka anachambua maharage. Kwenye nusu nyeusi nilijiona mwenyewe, kwa sababu kioo cheusi hurudisha sura.

Nyuma yangu, upande wa kushoto, alikuwa ameketi mama mzee. Amefunikwa kitenge mpaka kidevuni, na machoni amevaa miwani ya jua ya kiume.

Niligeuka. Kiti kitupu. Lakini godoro la kiti lilikuwa limebonyea, niamini, limebonyea kama mtu yuko juu yake.

Niliogopa? Mkojo ulinitoka kidogo, sioni haya kukuambia. Ila nilimtazama Furaha kwenye mkeka wake, nikashika wembe, nikaendelea kuvuta. Ungekuwa wewe ungefanya nini, ukimbie uache fime nusu?

Mlango wa kulia ulipobaki mweupe, sura ilipotea. Mlango wa kushoto niliufungua, nikauvua fime yake nikiwa nimesimama nje. Kisha nikahamia kioo cha nyuma, na hapo nikamwona tena, ameketi palepale. Mara hii alisema, kwa sauti ya mtu aliyeamka usingizini:

"Hapa njo wapi, mwanangu? Ngungu iko mbali bado?"

"Hapa Kibabi," nilimjibu. Ningemjibu nini kingine? Kisha nikatoka, nikapanda kilimani kwenye mtandao, nikampigia Safari.

"Shemeji, motokari yako ilibebaka nani mbele ya kunipatia?"

Nilimsikia akitoka nje na kufunga mlango.

"Mama moya wa Ngungu, Mama Veronika," akasema. "Alikufiaka ku hopitali ya Goma. Watoto wake waliniomba. Askari ku barrière wanasumbuaka sana juu ya maiti, njo tukamukalisha nyuma, tukamuvalisha lunettes za jua. Tulisema iko mugonjwa, analala."

"Na ku mito mulimwambia munavuka?"

"Tungemwambia namna gani, na barrière iko pale ku daraja, askari wanasikia?"

"Na kufika?"

"Mvua ilikuwa inanyesha. Tulimushusha mbio mbio, tukazika."

Hapo nilikasirika kweli. Sisi huku, maiti akirudishwa nyumbani kutoka mbali, husemeshwa njia nzima. Mkifika mtoni, mtu anamwambia: tunavuka. Kwenye njia panda: tunakata huku. Na mlangoni kwake: tumefika, shuka. Hao walimficha mama yao vizuri hata wakamficha habari zake mwenyewe. Mwili walizika. Yeye aliachwa garini.

Nilirudi, nikakaa karibu naye, nikazungumza nikitazama kioo cha nyuma, bado cheusi.

"Mama Veronika, pole. Wewe ulishakufa. Ulifia Goma, na watoto wako wakaogopa kukuambia."

Alivua ile miwani taratibu.

"Njo maana," akasema. "Nilikuwa naona muntu hata moya hananijibu."

Nilimwambia ashuke. Akatikisa kichwa, hapa si kwake. Basi nikampa masharti, maana muda ulikuwa unakwisha na maji yalikuwa yanapoa.

"Kesho nampeleka mtoto wangu kwanza. Akizaa salama nitakufikisha Ngungu, na kila mto nitakutajia. Lakini ukitusumbua njiani, nakushusha porini."

Ndiyo, nilimtisha mfu. Kisha nikavuta fime ya mwisho kwa vidole, bila kukata uzi hata mmoja, na sikumwona tena.

Asubuhi tuliondoka na ukungu. Furaha alikaa nyuma upande wa kulia. Kwenye kizuizi askari alisogeza uso kwenye kioo, akatazama ndani, akaturuhusu.

"Pita, mama. Lakini uyu muzee wa nyuma mumufunike, baridi iko."

Nikavua kitenge changu, nikakitandaza juu ya kiti kitupu, nikakanyaga mafuta. Mbele kidogo uchungu ulimshika Furaha. Nilimsikia akilia, sikusimama. Hospitalini walimpokea kwa machela, wakampasua, akatoka mtoto wa kike anayepiga kelele. Nililia kama mtoto. Furaha alipozinduka, swali lake la kwanza halikuwa la mtoto.

"Mama, bibi ule alinishika mukono njiani alishukia wapi?"

Walipotoka salama hospitali, nilishika njia ya Ngungu. Matope, mashimo, nimekwama nikasukumwa, nimekwama tena. Kila mto nilishusha kioo nikapaza sauti, "Mama Veronika, tunavuka!" Wanaofua nguo mtoni walinicheka. Wacheke.

Nyumbani kwake nilimkuta mwanawe mkubwa, anaanika maharage. Nilimweleza yote. Alikaa chini kwenye udongo, mtu mzima na mvi zake.

"Alikasirika?" akaniuliza.

"Hapana. Alikuwa anauliza tu kama Ngungu iko mbali bado."

Alilia, wee! Kisha akainuka, akafungua mlango wa kushoto yeye mwenyewe, akasema, "Mama, tumefika. Shuka." Springi zililia, na gari likainuka nyuma mbele ya macho yetu sote.

Tangu siku hiyo, mvua inyeshe, baridi ishuke, vioo vyote vikijaa ukungu, kile cha mlango wa kushoto, alioshukia Mama Veronika, hakishiki hata tone. Nimezoea. Naendesha.

Ila wewe unayenisikiliza, ukinunua gari la fime, uliza kwanza nani alifichwa nyuma yake. Na siku ukimrudisha mtu wako kutoka mbali, mwambie amekufa, mtajie mito, mwambie amefika. Askari wakisikia, wasikie. Watakuchelewesha siku moja tu. Yeye, usipomwambia, atabaki kwenye gari la watu, anauliza njia ya kwake, na hakuna anayemjibu.