Konvertisa ya Gari la Wagonjwa

Karakana ya Ismaili Ngongo, pale Kalundu, Uvira, unapoteremka kuelekea bandarini, haikuwahi kuwa na kibao. Mwenye gari la bwate otomatiki, yaani lenye sanduku la gia linalojibadilisha lenyewe, alielekezwa kwa mdomo tu: nenda kwa Mzee Ismaili. Ukoo wao ni watu wa duka. Babu wa babu yake alivuka ziwa na majora ya nguo, na ndugu zake mpaka leo wanauza vitenge. Yeye peke yake alichagua grisi. Alikaa miaka sita Bujumbura, chini ya magari ya watu, akarudi Uvira na kazi ambayo mafundi wenzake waliikwepa.

Walichokiogopa zaidi ni konvertisa. Ni chuma kizito cha duara, mfano wa sufuria iliyofunikwa, kinachokaa kati ya moteri, yaani injini, na bwate na kupitisha nguvu za moteri kwa njia ya mafuta. Kuiweka kunataka subira. Unaisukuma ndani ya bwate huku unaizungusha. Inaingia hatua ya kwanza, unazungusha tena, inaingia ya pili, kisha ya tatu, mpaka ishikane na pampu ya mafuta iliyo ndani kabisa. Ndipo bwate inapandishwa kwenye moteri. Vyote viwili vikikutana kwa nguvu za mikono, konvertisa sharti izunguke kwa vidole, na kati yake na sahani ya moteri ibaki nafasi ndogo, unene wa msumari wa inchi nne. Nafasi ikikosekana, ujue haijafika mwisho. Ukiilazimisha, unaiponda pampu.

"Boliti si ya kuvuta," Ismaili alizoea kuwaambia mafundi waliokuja kumuuliza. "Boliti ni ya kushika tu."

Msimu wa mvua uliopita, dereva aitwaye Herménégilde alimletea gari la wagonjwa la kituo kimoja cha afya cha bondeni. Bwate yake ilikuwa imekufa, na nyingine ya okazioni, iliyokwisha kutumika, ilikuwa imeshushwa bandarini kutoka ng'ambo ya ziwa. Ismaili na shemeji yake Akram walianza kazi asubuhi. Kufikia saa nne, konvertisa ilikuwa ndani ya bwate, na bwate ilikuwa juu ya jeki, imebakiza kidogo kugusa moteri.

Simu ya Herménégilde ikalia. Alisikiliza, akaja akachutama kando ya gari.

"Mzee, ni muuguzi. Kuko mama moja kule Bwegera, uchungu umemushika tangu jana na mutoto haiteremuke. Banasema aletwe Uvira, apasuliwe. Gari ingine haiko."

"Tunamaliza," Ismaili akajibu.

Wakasukuma. Bwate ikagoma, ikabakiza upana wa kidole. Akram aliingiza mkono kwa chini, akajaribu kuizungusha konvertisa. Haikusogea.

"Shemeji, haijakaa. Tuteremushe."

Ismaili alilijua hilo kabla hajaambiwa. Pengine walipoinua, bwate iliinama mbele na konvertisa ikateleza hatua moja. Kuishusha, kuisukuma upya na kuirudisha kungechukua saa moja. Simu ikalia tena. Herménégilde alimtazama Ismaili.

"Ni kutu ya zile pini za kuelekeza bwate kwenye moteri," Ismaili akasema. "Lete boliti."

Akazikaza, moja huku, moja kule. Akausikia mkono wake ukipingwa, kisha chuma kikakubali kwa mlio mdogo, kama mfupa wa kuku. Akram aliusikia pia. Waliweka mafuta, wakawasha moteri. Gari lilikwenda mbele, likarudi nyuma, likazunguka uwanja. Herménégilde akawashika mikono wote wawili na kuondoka mbio.

Lilifika Bwegera. Mama yule, Kaneza, alipakiwa pamoja na mumewe Niyonkuru, mkulima wa mpunga. Katika kurudi, walipopita Sange, gari lilianza kulia kama mtu anayesaga mawe, kisha likasimama. Moteri ilinguruma, magurudumu yakakataa. Mvua ilikuwa imeiharibu barabara na magari yalikuwa machache. Mwishowe walimkalisha Kaneza kwenye pikipiki, katikati ya dereva na mumewe, wakamleta hivyo hadi Uvira. Mama alipona. Mtoto, wa kiume, alitolewa amekwisha kufa.

Siku ya tatu gari lilivutwa kwa kamba hadi Kalundu. Ismaili aliifungua bwate peke yake. Pampu ilikuwa imepasuka vipande viwili, na vumbi la chuma limejaa kwenye mafuta.

"Vitu bya okazioni, Mzee," Herménégilde akasema kwa huruma. "Tutafanya nini? Ile bwate ilikuya na ugonjwa wake."

Akram aliinama akafuta funguo za boliti ambazo zilikuwa safi. Ismaili alikitazama kile kipande cha pampu mkononi mwake. Ilikuwa rahisi kunyamaza. Kila mtu alikwisha kuilaumu bwate, na bwate haina mdomo.

"Bwate ilikuwa nzima," akasema. "Ni minye niliiuwa."

Herménégilde akaenda kusimama nje, akampa mgongo.

Wiki iliyofuata Ismaili alipanda gari la abiria hadi Bwegera. Akram alimkataza: utaenda kuwaambia nini? Alikwenda hivyo hivyo. Alimkuta Niyonkuru uani akianika mpunga juu ya turubai. Alijitambulisha, akakaribishwa kiti, akakataa kukaa. Akaeleza yote akiwa amesimama.

Niyonkuru aliendelea kuusambaza mpunga kwa mguu mpaka akafika mwisho wa turubai.

"Mzee," akasema, "padri alituambia ni mapenzi ya Mungu. Nilikuwa nimeanza kuzoea. Sasa weye unakuya kunipa muntu wa kuchukia. Nitamupeleka wapi?"



Kaneza akatoka ndani, amejifunga kitenge kifuani, anatembea kwa kushika ukuta. Alikuwa amesikia.

"Ilibakia kiasi gani?" akauliza.

"Nini, mama?"

"Ile kitu. Kusudi ikae muzuri."

Ismaili alimwonyesha kidole chake kimoja. Kaneza akakitazama.

"Na kuitengeneza tena ingekamata wakati gani?"

"Saa moja."

Mama yule akaegemea ukuta.

"Saa moja ningevumilia," akasema. "Nilikuwa nimevumilia siku nzima."

Akarudi ndani. Niyonkuru akamwambia Ismaili, kwa adabu ile ile aliyompokea nayo, kwamba gari la kurudi Uvira hupita kabla ya saa tisa, asije akachelewa. Hakumsindikiza.

Ismaili alitafuta bwate nyingine, akaifunga mwenyewe katika lile gari, akilala chini yake siku mbili kwa kazi ya siku moja. Herménégilde alilichukua, na tangu hapo kituo kile hupeleka gari lake kwa fundi mwingine. Magari mengine bado yanakuja Kalundu, maana watu walioisikia habari ile si wengi, na waliosikia hawana pengine pa kwenda. Ismaili anayapokea. Ila Akram anasema shemeji yake sasa hatoi tena mafundisho kwa mafundi wanaokuja kuuliza. Anawaonyesha kwa mikono, kimya kimya, na wakimuuliza sababu, anawaambia waangalie tena.