Nyumba ya Ngamiani na Vilivyomo

Mpaka leo tunapanga Usagara, na kila mwenye nyumba anapopandisha kodi mume wangu hunitupia jicho, kana kwamba ni mimi niliyetukosesha nyumba ya Ngamiani. Simjibu. Siku ile na yeye alikuwapo, na masikio anayo.

Ilianza kwa dalali. Alitutumia picha kwenye simu: nyumba ya Kiswahili yenye korido ndefu, bati bado jipya, uani pamesakafiwa. Chini yake akaandika kwamba inauzwa na kila kilichomo, kuanzia vitanda mpaka vijiko. Mwenyewe amefariki, warithi wametawanyika, hakuna mwenye nafasi ya kuhangaika na makabati. Tuliona ni maneno ya kueleweka. Watoto wa siku hizi mzee akishazikwa wanachotaka ni kugawana na kurudi Dar es Salaam kwenye shughuli zao.

Mimi ndoa yangu yote nimekuwa mtu wa kuhama. Nimehama na magodoro juu ya guta mpaka nikaacha kuona haya. Katika picha zile kulikuwa na kabati la vioo la mninga, miguu yake imechongwa, nami nililipenda kwa namna ya kipumbavu kabisa. Nilikuwa nakuna nazi huku kichwani napanga vikombe vyangu ndani yake. Mume wangu naye, ambaye anauza vipuri vya baiskeli na hajawahi kununua kitu bila kukivutavuta bei, alisema safari hii hatavuta sana.

Dalali akatupa masharti. Tuje baada ya adhuhuri, watu wakiwa wamelala. Tusije na futi ya kupimia. Bei tusiitaje kwa sauti. Mimi nivae kwa heshima na nifunge chochote mkononi kama ubani. Nikamuuliza ubani wa nini, na mtu alishazikwa zamani. Akasema ni adabu tu, nyumba bado ina msiba. Basi nikafunga noti kwenye leso, maana sisi watu wa pwani kwenye ubani hatuna ubishi.

Mtoto mkubwa wa marehemu alitufungulia, sisi wawili na dalali, kabla hatujabisha hodi. Alikuwa mtu mzima, ndevu zimeanza mvi, na alitembea pekupeku sakafuni kwake mwenyewe kama mwizi. Alituonyesha vitu kwa kidole bila kusema. Viti. Saa ya ukutani, inatembea. Kabati langu, zuri kuliko kwenye picha. Tukapita mpaka jikoni, na huko ndiko nilikoanza kuingiwa na baridi. Kwenye karai kulikuwa na mchicha uliochambuliwa, bado una maji. Uani kamba ilikuwa na kanga mbili zinazodondosha matone. Nyumba tuliyoambiwa imebaki na vitu tu, bila mtu, ilikuwa na mtu aliyeosha mboga asubuhi ile.

Nilimgusa mume wangu kiwiko. Akanitazama kwa jicho la kuninyamazisha. Alishaipenda nyumba, na mtu akishapenda hataki kuonyeshwa mchicha.

Tuliporudi koridoni, mwenyeji wetu alisimama mbele ya mlango wenye pazia, akapaza sauti kwa mara ya kwanza. "Mama, wageni wa pole."

Kisha akaniinamia sikioni. Ni mama yao wa kambo, akasema, anamkalia marehemu eda. Wanaume hawaingii, lakini mimi mwanamke niingie nimpe mkono, atafurahi. Akiniuliza, niseme mume wangu alikuwa rafiki wa marehemu. Habari ya nyumba nisimguse nayo, ana presha.

Sikupata nafasi ya kubisha, pazia lilishafunuliwa. Ndani alikuwa mama wa makamo aliyevaa nguo nyeupe, amekaa kwenye mkeka na tasbihi yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya mtu aliyekuwa na hamu ya kusemeshwa. Nikampa ule ubani. Aliupokea kwa mikono miwili na akamwombea dua mume wangu, rafiki wa marehemu. Nilijisikia mchafu.

Akanieleza mambo yake, kama wanavyofanya watu waliokaa ndani siku nyingi. Hakujaaliwa mtoto. Kwao ni Kigombe, na huko amebaki na kaka mmoja. Simu yake ilikuwa imeharibika, yule kijana mkubwa wa marehemu ameichukua kuitengeneza na bado haijarudi. Kisha akaanza kuwasifia watoto wa mumewe.

"Wana adabu hawa," alisema. "Wenzangu, mume akifa, hata arobaini haijafika vyombo vishabebwa. Mimi hawajanigusia hata kijiko. Lile kabati la ukumbini ni mahari yangu, lipo pale pale."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini nyumba inauzwa na vilivyomo. Kungetoka kiti kimoja mlangoni, huyu mama angejua. Vitu viliachwa ili yeye asishtuke, mpaka siku ya mwisho, na siku hiyo angetolewa yeye. Nililikumbuka kabati, nikavitoa vikombe vyangu humo.

Nyuma ya pazia nilimsikia mume wangu. Hajui kunong'ona. Alikuwa anataja bei, dalali anamwongezea, mwenye ndevu anaguna. Nikakohoa. Nikauliza habari za Kigombe kwa sauti kubwa, mvua, mihogo, lolote lililonijia. Mama wa watu akanijibu kwa upole, halafu akatega sikio.

"Hao wanaume wanazungumza nini muda wote huo?"

Ningeweza kusema wanazungumzia mpira. Lakini alikuwa ameshika ubani wangu mkononi, na mimi nina tabia moja mbaya, nikilazimishwa kusema uongo hasira hunipanda. Nikamwambia, "Mama, wanauziana nyumba hii. Mnunuzi ni mume wangu."

Hakulia. Aliiweka tasbihi chini. Hakuniuliza kama nina hakika. Aliniomba simu tu, nimpigie kaka yake. Namba aliijua kwa moyo, akawa ananitajia taratibu huku macho yake yameanza kupata uhai. "Kaka yangu ni mkali," akasema. "Akifika hapa watajua mimi nina watu."

Nilipiga mimi. Mwanaume akapokea. Nikamsalimu, nikamwambia napiga kutoka Tanga, Ngamiani, nyumbani kwa dada yake, kuna mambo ya kuuzwa nyumba. Nilijiandaa kutukanwa.

"Ahaa, nyinyi ndio wa leo," akasema, kwa uchangamfu. "Mmefikia bei gani?"

 Mama alikuwa ameninyooshea uso wake wote. "Anakuja?" akaniuliza. "Anakuja lini?"

 Nilimpa simu aisikilize mwenyewe. Kaka mtu hakujua kwamba sikio limebadilika, akaendelea, na sauti yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba na mimi niliisikia. Tusiwe na wasiwasi na dada, alisema, eda ikiisha atakuja kumchukua mwenyewe, ataona pa kumweka. Ila tumkumbushe yule kijana mkubwa asilisahau fungu alilomwahidi yeye, kaka mtu.

Mama akanirudishia simu bila kuikata.  Kisha akavuta mtandio, akajifunika vizuri mpaka kwenye paji la uso, akajishika ukutani na kusimama. Nilipoona anaelekea kwenye pazia nikamwambia kuna wanaume wageni huko. Akasema anajua.

Alitoka mbele yangu. Dalali akageukia ukuta haraka kama aliyepigwa kofi. Mume wangu akasimama, shikamoo ikamtoka yenyewe, na mama akaiitika.

"Mama, una eda," alisema mtoto wa kambo.

 Mama alikwenda mpaka kwenye kiti kilichokuwa karibu na mume wangu, akakaa, akakunja mikono yake juu ya magoti.

"Itaje tena hiyo bei, baba," akamwambia. "Na mimi niisikie."

Mume wangu, ambaye kwa bei hana haya na mtu yeyote mjini, alitazama sakafu.  Aliyeinuka ni yule mtoto wa kambo. Alikwenda mlango wa mbele pekupeku vile vile, akachungulia barabarani pande zote mbili kama kuna jirani aliyesikia, akaufunga na kutia komeo, na sisi sote tukiwa ndani.