Udongo Mlangoni kwa Baba Mdogo

Siku moja haijanitoka hata leo, mwanangu: siku wanaume wa kijiji chetu kando ya ziwa walipomcheka baba mdogo akikanyaga udongo. Enzi za Mjerumani hizo, mimi msichana wa kutumwa maji.

Baba mdogo alikuwa amerudi kutoka kubeba mizigo ya Mjerumani, miguu imekauka kama kuni. Kuingia mtumbwini alibebwa, yeye aliyekuwa mpiga kasia. Rafiki zake wakaja na kelele, wakampandisha mlima na mzigo kichwani, eti miguu ipate nguvu. Akaanguka kitandani. Wao? Hawakuonekana tena.

Shangazi yangu, dada yake, mfinyanzi, ndiye aliyemchukua. Udongo wa vyungu lazima ukanyagwe mpaka ulainike. Basi kila asubuhi alimpa fungu dogo tu, la kumtosha mtoto. Miguu ikaanza kumtii. Ndipo wale wale waliomkimbia wakapita na nyavu zao, wakamcheka kwa kufanya kazi ya wanawake.

"Bibi mfinyanzi, chungu changu kitakauka lini?"

Baba mdogo akaingia ndani. Kesho yake hakutoka, wala keshokutwa. Nikataka kwenda kumsuta, shangazi akanishika mkono.

"Ukimsuta atakanyaga leo kwa hasira. Mwakani je? Chungu kibichi ukikianika juani, kinapasuka."

Akabeba udongo wake wote, akaumwaga mlangoni kwa baba mdogo. "Mdogo wangu, hutoki humu bila kuukanyaga. Nami nakanyaga nawe."

Wale waliomcheka wakapita tena. Shangazi hakuinua hata kichwa. "Wake zenu wanawapikia kwenye nini? Kwenye viganja?" Wakaharakisha kupita, na nyavu zao.

Masika yaliyofuata baba mdogo alipeleka vyungu sokoni akipiga kasia mwenyewe. Na udongo hakuuacha. Mvi zilimkuta akiukanyaga.

Udongo uwahi ungali maji, ndiyo, lakini uwahi kila siku. Anayekujia kutafuta nguvu usimpe mlima, mwanangu. Mpe kidogo ambacho kesho hatakikimbia. Kiweke anapopita. Akiacha, usimcheke wala usimtoroke. Vua viatu ukanyage naye. Kupiga kelele siku moja hata mbwa anaweza.

Kyala, Mungu wetu, akupe miguu isiyochoka kurudi kwa mtu, na uliowainua uwaone bado wakitembea wakiwa wazee.