Nilivyomtetea Mtunzi wa Kisasa

Jumapili iliyopita nilimpeleka mchumba wangu Nekesa pamoja na babake, Mzee Wafula, kusikiliza bendi ya matarumbeta katika ukumbi wa mtaa wa Baba Dogo. Kwa kuwa nilikuwa nimesikiliza kaseti moja nzima ya mtunzi wao, nilijiona bingwa. Bendi ilipoanza kulia, mzee alikunja uso.

"Mutua, hizi ni kelele."

"Hapana, Mzee. Sauti zinagongana makusudi. Huo ni uchungu wa mwananchi."

Nilifumba macho, machozi yakanilenga. Waliponyamaza, nilisimama peke yangu nikapiga makofi.

"Asante, ndugu," kiongozi wa bendi akasema kwa huruma. "Tulikuwa tunalinganisha sauti za ala tu. Sasa ndiyo tunaanza."

Mzee akamgeukia Nekesa.

"Mama, yule mwingine aliyetaka kukuposa ameshaoa?"